Mavi ya Bi Mkubwa

Ukiuliza pale Goweko Kulwa ana wake wangapi, utajibiwa wawili: Bi Mkubwa, ambaye ni chatu, na Mwamvita, ambaye ni mtu. Na kwa cheo walifuatana hivyohivyo. Bi Mkubwa alilala kwenye kasha la mninga chini ya dirisha, juu ya majani makavu, kafunikwa blanketi la bluu. Mwamvita alilala kitandani na khanga zake, kwa sababu nyumba ilikuwa na blanketi moja na lilikwisha kupata mwenyewe. Kulwa alikuwa na maelezo: chatu hana joto lake mwenyewe, mtu analo. Baridi ya Julai ikipamba moto, kama baridi inaweza kupamba moto, alimwambia mkewe ajitikise kidogo.

Wanawake kisimani nao hawakumwonea huruma. Walimsalimia, "Bi Mdogo, mmeamkaje huko? Bi Mkubwa kanywa chai?" na Mwamvita alicheka pamoja nao. Alikuwa mtoto wa mjini, kazaliwa Isevya, Tabora, kwa fundi cherehani, kakulia kwenye udi na chuo cha Kurani. Hakuna mahali kwenye malezi yale alipofundishwa namna ya kuishi na mke mwenza asiye na miguu.

Kulwa mwenyewe alikuwa mtu wa shingo ndefu na suruali fupi. Shamba lake la tumbaku lilikuwa na magugu ya kuficha ndama, lakini nani angemuuliza habari za magugu mtu anayetia kichwa cha chatu mdomoni? Maana huo ndio ulikuwa ufundi wake. Yeye alikuwa kiongozi wa kundi la wayeye, wale wacheza ngoma na nyoka, na kila mwaka ngoma ilipofika mwisho alimnyanyua Bi Mkubwa, akafumbua mdomo, akaiingiza ile pua yake pana mpaka machoni, kisha akanyoosha mikono pande zote kama msalaba wa seminari ya Kipalapala. Wanawake walijiziba nyuso na kuchungulia katikati ya vidole. Wazee walisahau kutafuna michembe yao ya viazi vikavu. Kwa muda ule mfupi Kulwa alikuwa mtu kati ya watu. Sehemu iliyobaki ya mwaka aliitumia kusubiri.

Tatizo lake lilikuwa moja, nalo lilikuwa na sura kama yake. Pacha wake, Doto, naye alikuwa na chatu na kundi lake, ng'ambo ya reli. Kila mtu anajua kwamba pacha anayetangulia kutoka ndiye Kulwa, na Kulwa ndiye mkubwa. Lakini Doto alidai mkunga wao alikuwa amekunywa, akawachanganya kabla hawajakauka. Babu yao, mwyeye wa zamani, alipokufa aliacha ngoma moja kubwa ya ngozi ya nyati na wajukuu wawili wanaoitaka. Ngoma ikapelekwa kwa katekista Anselm, mtu asiyekuwa na nyoka wala hamu ya kuwa naye, mpaka itakapojulikana ni ya nani.

Basi wakakubaliana, mbele ya Anselm, watacheza siku moja kwenye kiwanja cha mnada baada ya tumbaku kuuzwa. Huku mashindano ya ngoma hayana majaji. Makundi mawili yanapiga kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na watu wanakwenda wanakopenda. Jua likigusa paa la ghala la tumbaku, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Atakayeshindwa angejitwika ngoma ya babu kichwani na kuifuata ile njia ya zamani ya misafara, ambayo mababu zao walipita na pembe za ndovu mabegani, mpaka mlangoni kwa mshindi. Na tangu siku hiyo angemwamkia mwenzake shikamoo, kila asubuhi, hadharani, mpaka mmoja wao afe.

Kulwa angeweza kuvumilia njaa, mvua na hata kodi. Lakini kumpa shikamoo mtu aliyetoka tumboni nyuma yake, akiwa bado anamkanyaga kisigino? Bora ale mchanga.

Na hapo ndipo Bi Mkubwa alipoanza kuumwa.

Ilikuwa mwisho wa masika. Kwanza alitapika panya mzima, akiwa na manyoya yake yote, kama mgeni aliyerudisha sahani. Halafu pumzi yake ikaanza kupiga mluzi. Alikaa na mdomo wazi kama mtu mwenye mafua, povu likimtoka puani, na uti wa mgongo ukachomoza hata ungeweza kuanikia nguo. Ngozi iliyokuwa ikimeta kama viatu vya harusi ikawa na vumbi lisilofutika. Kulwa alimpaka mafuta ya nyonyo na kumfukiza kila jani alilolijua. Bi Mkubwa alizidi kupiga mluzi.

Sasa kabla hatujafika mbali, ni lazima niseme habari ya mavi, na mwenye kinyaa na apumzike kidogo. Kwa wayeye mavi ya nyoka si uchafu, ni mlango. Mshindani akipata hata chembe yake, akaichanganya na dawa zake, nyoka wako atakauka na wewe utamfuata. Kwa hiyo hayatupwi jalalani, wala hayafukiwi panapofikika kwa jembe. Babu alikuwa na njia yake na Kulwa aliishika kama sala: mavi ya Bi Mkubwa yalichanganywa na pumba na kumwagwa kwenye banda la panya buku, wale panya wakubwa aliowafuga nyuma ya jiko kwa ajili ya chakula chake. Panya walikula yote wakalamba na chini. Kisha Bi Mkubwa akawala panya. Kilichomtoka kikamrudia, na mchawi akabaki nje anajikuna. Kulwa aliona hakuna jambo lililopangika vizuri kama hilo katika wilaya nzima ya Uyui.

Doto hakuwa na habari na mpango huo, na si kwamba hakufundishwa. Alikuwa mvivu. Mavi ya chatu wake aliyasukuma chooni kwa ufagio, na chakula cha chatu alinunua vifaranga mnadani. Kulwa alipohadithiwa alisikitika kwa sauti kubwa, ili wote wasikie, kwamba mdogo wake anaivunja heshima ya babu.

Mwamvita ndiye aliyeshauri waitwe wataalamu. Alisema kwa upole, akiwa anapepeta mchele na hamtazami mumewe, kwamba kule Isikizya kuna afisa mifugo, dada mmoja anaitwa Ishimwe, na kwamba ng'ombe wa jirani walipona. Kulwa aliwacheka hao ng'ombe. Lakini usiku ule mluzi ulipozidi alijibiringisha kitandani, na asubuhi akapiga simu yeye mwenyewe, akisema ni shauri lililomjia ndotoni.

Ishimwe alikuja na pikipiki, buti zimejaa vumbi jekundu. Alikuwa binti wa Ulyankulu, wazazi wake walikuja kutoka Burundi na kugeuka Watanzania na wakulima kwa wakati mmoja, na alikuwa na tabia ya kunyamaza akitazama kitu. Alimtazama Bi Mkubwa kwa muda mrefu. Alimfumbua mdomo, akamwekea sikio ubavuni. Kisha akaomba maji ya kunawa.

"Minyoo," alisema. "Lakini iko ya kila namna. Mingine inakaa tumboni, mingine kwenye mapafu, na dawa si moja. Nipatie kinyesi chake nikakipime."

Akatoa kichupa chenye kifuniko.

Kulwa alikitazama kichupa, akarudi nyuma hatua moja. Mwanamke mgeni, asiye wa ukoo, kaja na kichupa, na kati ya vitu vyote vilivyomo nyumbani mwake anataka kile kimoja. Angeomba kuku angepewa. Angeomba hata kitanda. Kulwa alitabasamu kwa meno yote na kusema kwamba Bi Mkubwa hajapata choo, lakini akipata, mzigo utafika Isikizya.

"Na mnakitupa wapi kinyesi chake?"

"Mbali, mama."

"Mbali wapi?"

"Mbali kabisa. Hata mimi nikienda nachoka."

Mwamvita alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alimtazama mumewe, akatazama kule nyuma ya jiko, akafumbua mdomo.

"Wewe nyamaza," Kulwa alimwahi. "Mambo ya nyoka huyajui. Mimina chai."

Mwamvita akaufumba mdomo. Aliufumba taratibu na vizuri, kama mtu anayefunga duka, kisha akamimina chai.

Mgeni alipoondoka Kulwa alimpa mkewe kazi. Aende chini ya mti wanakolala kuku wa jirani, achague mavi mazito yenye ile alama nyeupe juu, kwa sababu ya chatu nayo yana weupe, ayatie kwenye kichupa na kuyapeleka Isikizya. Mwamvita aliuliza akiulizwa ni ya nani aseme nini. Kulwa akamkumbusha kwamba amekwisha kuambiwa anyamaze. Mwamvita alikwenda, akachota, akapanda bodaboda mpaka kituoni na kuendelea na safari, kichupa kikiwa kwenye pochi kando ya hina yake.

Baada ya siku chache Ishimwe alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejikuna kichwa. Alisema ameona mayai ya minyoo ya kuku, na ameona mengi mno, na akauliza kama chatu huyu hulishwa kuku. Kulwa alisema ndiyo, hulishwa kuku, tena huwapenda. Basi akatumiwa unga wa dawa ya kuku.

Stori hiyo ilimpeleka Kulwa kilabuni akiwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu harusi yake. Aliisimulia kwa vitendo: dada wa watu kainama kwenye hadubini, jicho moja kafumba, anasoma mavi ya kuku kwa heshima zote, anaandika, anapiga muhuri. Watu walicheka mpaka pombe ikawatoka puani. Kisha Kulwa akarudi nyumbani na kumnywesha Bi Mkubwa ule unga. Ndivyo alivyokuwa. Ugonjwa aliudanganya, lakini tiba aliitaka.

Bi Mkubwa hakupata nafuu. Na hapo Kulwa alifikiri, na ikawa mbaya zaidi kuliko alivyokuwa hafikiri. Kama dawa ya serikali imeshindwa, basi si minyoo. Kama si minyoo, ni Doto. Kama ni Doto, amepata mavi. Na mavi yanashikwa na watu wawili tu katika dunia hii, na mmoja wao ni yeye.

Akakumbuka kwamba Mwamvita huwa anacheka kisimani. Akamkumbuka Eustadia, mke wa Doto, naye huteka maji kisima hichohicho. Mambo yakajipanga.

Aliwaita wapiga ngoma wake wote mchana, wakakaa kwenye vigoda uani. Alimkalisha Mwamvita katikati, juu ya kinu kilichopinduliwa, na kueleza kwa sauti ya mahakama kwamba nyoka hasemi uongo. Asiye na hatia akivishwa Bi Mkubwa shingoni, Bi Mkubwa hutulia. Mwenye hatia atajulikana. Mmoja wa wapiga ngoma, mzee Justus, alinong'ona kwamba mnyama mwenyewe anaumwa, lakini alinong'ona kwa namna ya mtu anayetaka ijulikane baadaye kwamba alinong'ona.

Wakamvisha. Mwamvita hakuwahi kumbeba mwenzake yule bila kitambaa. Aliuona uzito wake ukimshukia mabegani, mzito na baridi, na ule mluzi ukawa sasa uko sikioni kabisa. Mnyama aliyebanwa pumzi hatafuti haki, anatafuta hewa. Bi Mkubwa alijinyonga, akanyanyua kichwa, akakifumbua kinywa mbele ya uso wa Mwamvita na kumkoholea. Povu likamtapakaa shavuni mpaka kwenye mtandio.

Wanaume wakaguna kwa pamoja.

"Mmeona?" alisema Kulwa. "Kamtemea mate. Mimi nisemeje tena?"

Mwamvita alijifuta kwa ncha ya khanga. Hakulia, jambo lililowaudhi kidogo waliokuja kutazama. Aliingia ndani akatoka na begi, na alipopita nyuma ya jiko alisimama pale kwenye banda la panya. Panya buku walikuwa wanagombea pumba. Aliwatazama, akamtazama mumewe, na Kulwa aliyaona macho yale na kuyasoma kwa uhakika: mwizi anahesabu alichoshindwa kuiba.

"Kwenu kuna mablanketi," alimpigia kelele Mwamvita alipokuwa kesha shika njia ya kituo cha treni. "Kajifunike."

Wapiga ngoma walicheka. Treni ikamchukua Mwamvita mpaka Tabora.

Sasa Kulwa alibaki peke yake na mke wake mkubwa. Alikoroga pumba na mavi kwa mikono yake mwenyewe, kwa bidii maradufu, asiachie hata harufu. Panya walinenepa. Bi Mkubwa, kila alipoweza kumeza, alilishwa panya, na kila alipolishwa alipiga mluzi zaidi. Siku ya mnada ilipokaribia, Kulwa alimwendea mfugaji mmoja, Viktori, akaomba sindano ya minyoo. Alisema minyoo si kitu anachokiamini, lakini hata mchawi anaweza kutuma minyoo. Viktori aliuliza mnyama ana kilo ngapi. Kulwa akajibu kwamba ana uzito wa heshima. Viktori, ambaye alikuwa amezoea ng'ombe, akajaza bomba la ng'ombe.

Na ajabu, kesho yake Bi Mkubwa alichangamka. Alinyanyua kichwa, akazunguka kasha lote, akajikunjakunja na kujikunjua bila kutulia. Kulwa aliona uhai. Alimfunga kwenye kitambaa cheupe kama bibi harusi na kumbeba mwenyewe mpaka kiwanjani.

Kiwanja kilijaa. Walikuwapo wauza ng'ombe, wauza mitumba, masista wawili waliosema wanapita tu, na vijana wa mjini waliokuja na treni ya asubuhi wakiwa na simu zao tayari mikononi. Katekista Anselm alikaa kwenye kiti cha plastiki akilitazama paa la ghala, ngoma ya babu ikiwa kati ya miguu yake.

Doto alikuwa amemvika chatu wake tai.

Ilikuwa tai nyekundu tu, ya mitumba, lakini watu walimiminika kwake kama maji kwenye mtaro. Doto alimhoji chatu maswali ya kampeni na kuweka sikio kupata majibu. Alimpa kipaza sauti cha gunzi la muhindi. Kulwa alipiga ngoma zake kwa nguvu za mtu anayezama, akaruka, akagaragara, akamzungusha Bi Mkubwa shingoni mara kwa mara, na kila alipoinua macho aliona upande wake kuna mzee Justus na wenzake, mbuzi mmoja aliyefungwa, na kinamama wachache waliokuja kukaa kivulini. Jua lilikuwa linashuka. Doto alimtazama katikati ya vumbi na kuweka mikono magotini, akainama kidogo, akimwonyesha namna shikamoo inavyotolewa.

Kulwa akatoa ufundi wake. Akamnyanyua Bi Mkubwa juu, ngoma zikapiga kwa kasi, akafumbua mdomo na kuingiza ile pua mpaka machoni. Akanyoosha mikono.

Kwanza alihisi kitu kinamtekenya ulimini. Akafikiri ni ulimi wa Bi Mkubwa, naye alikuwa ameuzoea. Kisha kikamtekenya kitu cha pili, mahali ambapo ulimi haufiki. Kisha vikawa vingi, laini, vya baridi, vinatafuta njia.

Aliichomoa ile pua. Bi Mkubwa alikohoa, na katika pua na kinywa chake yakatoka madude meupe, manene kama kalamu ya risasi, yenye pete pete mwili mzima kama mkono wa bibi harusi uliojaa bangili. Yalikuwa yanakufa na hayakutaka kufia ndani. Moja lilining'inia kwenye mdomo wa chini wa Kulwa, likijipinda taratibu.

Ngoma zilikatika moja baada ya nyingine. Kisha mmoja wa vijana wa mjini akasema, bila haraka, "Jamani, kaka anakula tambi."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka kituoni. Na pamoja na kicheko, miguu. Walimwacha Doto na tai yake. Walikuja mbio, wakakanyagana, wakapanda mabegani mwa wenzao, simu zikanyanyuliwa kama mikono ya waumini. Masista waliokuwa wanapita walipita upande wa Kulwa. Wauza ng'ombe waliacha ng'ombe. Kulwa alitema, akatema tena, akajipangusa ulimi kwa mkono wa shati, na kila alipotema watu walishangilia. Hakuna mwyeye aliyewahi kupata umati kama ule tangu wakati wa babu.

Jua likagusa paa la ghala. Anselm alikuwa mtu mkweli kupita kiasi, ndiyo maana ngoma iliwekwa kwake. Alitazama paa. Akatazama upande wa Doto, palipobaki Doto na chatu. Akatazama upande wa Kulwa. Kisha akasimama na kunyoosha mkono kumwelekea Kulwa.

"Makubaliano ni watu," alisema kwa huzuni. "Na watu wako huku. Kulwa kashinda."

Bi Mkubwa alikuwa chini, kwenye kitambaa chake cheupe. Mluzi ulikuwa umekoma.

Ishimwe alikuwa mnadani tangu asubuhi akikagua ng'ombe. Alipenya umati, akapiga magoti, akagusa, akatikisa kichwa. Kisha akaomba kisu na, kwa kuwa hakuna aliyemkataza, akampasua. Pafu la Bi Mkubwa lilikuwa limejaa kama kikapu cha mfumaji. Ishimwe alilitazama kwa ile namna yake.

"Hii si minyoo ya kuku," alisema hatimaye, akimtazama Kulwa. "Kwenye kile kichupa uliniletea nini?"

Kulwa alitema tena. Wapiga ngoma wake, waliokuwa wamecheka sana kilabuni, walianza kutazama viatu.

Ishimwe alieleza, kwa umati zaidi kuliko kwa Kulwa, kwamba minyoo hii hutaga kwenye mapafu ya chatu, mayai yakatoka na makohozi na mavi. Panya akila mavi hayo, inakulia ndani ya panya. Chatu akimla panya, inarudi nyumbani. Porini huchukua muda, kwa kuwa panya hawapangiwi kula mavi ya chatu. Akauliza kama kuna mtu anaweza kumweleza ni wapi panya wa huyu bwana walikuwa wanakula mavi ya chatu wake.

Ni Doto aliyejibu, na alijibu kwa mshangao wa kweli. "Kaka, ulikuwa bado unafanya ile ya babu? Mimi niliacha zamani. Nilikuwa naona uvivu."

Hapo Kulwa aliinua macho na kumwona Mwamvita. Alikuwa mbele kabisa ya umati, kaja na treni ya asubuhi, kavaa khanga mpya ambazo hakununuliwa na Kulwa. Kulwa alifuta midomo.

"Ulijua?"

"Siku ileile dada huyu alipouliza," alisema Mwamvita. "Nilifumbua mdomo, kama unakumbuka."

"Sasa mbona baadaye hukusema? Ungesema chumbani. Ungesema hata siku unaondoka."

"Uliniambia ninyamaze, mume wangu. Mambo ya nyoka siyajui."

Watu walikuwa wametulia, maana hii ilikuwa tamu kuliko tambi. Kulwa alisogea hatua na kushusha sauti, ingawa hakuna kilichoweza kushushwa pale kisisikike. Alimwambia kwamba, basi, yaliyopita yamepita, na kwamba lile blanketi sasa halina mtu.

Mwamvita alimtazama Bi Mkubwa aliyepasuliwa kwenye kitambaa cheupe, na ikawa kana kwamba uso wake umelegea kidogo. Hakuna ajuaye kama ni kwa ajili ya mume au ya mke mwenza.

"Mzike nalo," alisema. "Yule hakuwa na kosa." Kisha akajifunga mtandio na kuelekea kituoni kabla treni ya kurudi haijafika.

Ishimwe alikuwa ananawa mikono kwenye ndoo. Aliuliza Kulwa amekuwa akimtia chatu mdomoni tangu lini, na kabla hajajibu umati ukajibu kwa ajili yake: kila mwaka, dada, tena anamng'ang'ania. Ishimwe akakausha mikono kwenye suruali. Alisema aende hospitali ya mkoa akapigwe picha ya kifua na tumbo, kwa sababu mayai hayo yakiingia kwa mtu huanguliwa vilevile. Kwa mtu hayafiki mbali, yanajikunja tu humo ndani na kukaa. Dawa yake? Ishimwe alifikiri kidogo, akasema kwamba mara nyingi huachwa hapohapo.

Doto alikuwa amekwisha kuinamia ngoma ya babu. Alijitwika kichwani, akaweka ngata vizuri, na safari ikaanza katika ile njia ya misafara. Mshindi alitangulia, shingo ndefu, mikono mitupu, mashavu yamejaa mate asiyojua ayapeleke wapi. Aliyeshindwa alifuata na mzigo, na nyuma yao kiwanja kizima, kwa sababu hakuna aliyetaka kukosa mwisho. Walipofika mlangoni, Doto aliitua ngoma, akaweka mikono magotini na kuinama kuliko inavyohitajika.

"Shikamoo, kaka."

Watu wakasubiri. Kulwa alifumbua mdomo, akaufumba.

"Itikia, kaka mkubwa," alisema Doto kwa upole. "Ila usimeze."

Doto ni mvivu wa mambo mengi, lakini hilo hajawahi kulikosa. Kila asubuhi anavuka reli, anasimama mlangoni kwa Kulwa kwa heshima zote na kutoa shikamoo inayosikika mpaka kisimani. Kisha anasubiri, hana haraka. Na Kulwa hutoka nje na kutema kwanza, ndipo aitikie.